Umeme wa jua mashariki mwa Uganda: Haki za mwenye shamba na masharti ya wilaya

Kampuni za umeme wa jua hutafuta ardhi tambarare, iliyo karibu na kituo cha kupozea umeme na isiyo mbali na barabara ya lami. Ukanda unaotoka Jinja kupitia Buwenge kuelekea Kamuli, pamoja na ule wa Iganga hadi Tororo na Mbale, una maeneo mengi ya namna hiyo. Lakini una sifa nyingine ambayo huwa haiandikwi kwa herufi kubwa katika vitabu vya miradi: karibu kila ekari ina mwenyewe, na mara nyingi wenyewe ni zaidi ya mmoja.

Makala haya yanaeleza sheria inasema nini pale kampuni inapotaka shamba, mwenye shamba anaweza kudai nini, na serikali za mitaa zinaingia wapi. Yanawahusu wakazi wa eneo hilo, na pia wawekezaji kutoka Kenya na Tanzania ambao wanadhani kwamba sheria ya ardhi ya Uganda ni sawa na ya kwao.

Kwa nini mashariki

Jinja ni mji wa umeme wa maji. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu miaka hiyo ya 1950 umeme wa Jinja umekuwa ukivuka mpaka kwenda Kenya kupitia Tororo. Baadaye zikaja Kiira, Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012 na Isimba ya megawati 183 mwaka 2019. Nyaya na vituo vilivyojengwa kwa ajili ya maji ndivyo vilivyowavuta watu wa sola baadaye, kwa sababu kuunganisha mtambo kwenye gridi iliyopo ni nafuu kuliko kujenga njia mpya.

Mtambo mkubwa wa kwanza uliounganishwa kwenye gridi ulizinduliwa Soroti mwezi Desemba 2016, wa megawati 10, uliojengwa na kampuni za Access Power na Eren. Mwaka 2017 ukafuata wa Tororo, nao wa megawati 10, wa kampuni ya Kiitaliano ya Building Energy. Yote miwili ilipata msaada wa mpango wa GET FiT, uliosimamiwa na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, pamoja na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA. Mwaka 2019 ukaja mtambo wa Bufulubi wilayani Mayuge, ndani ya Busoga yenyewe, tena wa megawati 10. Kwa mkazi wa Buwenge huo ndio mfano wa jirani.

Mtambo wa Soroti una paneli 32,680 katika eneo la takriban ekari 33. Maana yake ni ekari tatu na kitu kwa kila megawati. Kwa mwenye shamba la ekari 3 hesabu hiyo ni muhimu, kwani inaonyesha kwamba kampuni inayotaka megawati 20 haiwezi kufanya biashara na yeye peke yake. Itahitaji majirani zake wengi, na kila mmoja ana karatasi zake, au hana kabisa.

Nani hasa mwenye ardhi

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema ardhi ni mali ya raia, na inatambua mifumo minne ya umiliki: wa kimila, umiliki huru, mailo na upangaji. Hapo ndipo Uganda inapotofautiana na Tanzania, ambako ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Mtanzania anayekuja Jinja akitafuta ofisi ya serikali itakayompa eneo atashangaa kuelekezwa kwa mzee mmoja na wanawe sita.

Busoga haina mailo ya namna ya Buganda. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini ni ya kimila, na mingine ni umiliki huru au upangaji. Mwenye ardhi ya kimila si mvamizi wala mpangaji wa serikali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inampa haki ya kuomba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo, kisha bodi ya ardhi ya wilaya, na kutolewa na mtunza kumbukumbu katika ngazi ya kaunti ndogo. Akiwa na cheti hicho anaweza kupangisha ardhi yake, kuiweka rehani au kuigeuza kuwa umiliki huru. Asipokuwa nacho ardhi bado ni yake, ila atapata shida kuithibitishia benki ya mkopeshaji iliyoko Ulaya, na kampuni itatumia udhaifu huo kushusha bei.

Tatizo kubwa zaidi kuliko cheti ni marehemu. Mashamba mengi bado yanahesabiwa kuwa ya babu aliyefariki zamani, na wajukuu wanalima kila mmoja kipande chake kwa makubaliano ya ukoo. Ili kupangisha shamba hilo kwa miaka 20 na zaidi, lazima apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Sahihi ya kaka mkubwa haitoshi, hata kama ukoo mzima unamheshimu. Mkataba uliotiwa sahihi na mtu asiye na mamlaka unaweza kubatilishwa baada ya paneli kufungwa, na hapo hasara inakuwa ya kila upande.

Kuna vilevile ardhi isiyoweza kupangishwa na mtu yeyote. Chini ya ibara hiyohiyo ya 237, serikali kuu au za mitaa zinashikilia maziwa ya asili, mito, misitu ya hifadhi na maeneo oevu kwa niaba ya wananchi. Bonde tambarare lenye mpunga kando ya kijito linaweza kuonekana zuri kwa sola, lakini anayelilima hana haki ya kulikodisha kwa kampuni, na kampuni inayolipia bonde hilo inanunua kesi.

Mke, mume na watoto

Sheria ya Ardhi inakataza kuuza, kuweka rehani au kupangisha ardhi ya familia bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Ardhi ya familia ni ile ambayo familia inaishi juu yake au inapata riziki kutokana nayo, na marekebisho ya mwaka 2004 yalikazia haki hiyo. Idhini hutolewa kwa maandishi. Mwenzi anaweza pia kuweka zuio kwenye daftari la ardhi kuonyesha kwamba kibali chake kinatakiwa.

Kifungu hiki si pambo. Busoga imeshaona somo lake katika miwa. Kwa miaka mingi wakulima wamekuwa wakikodisha mashamba kwa walimaji wa miwa inayokwenda Kakira na viwanda vingine vilivyofunguliwa baadaye Kaliro, Mayuge na Kamuli. Fedha hupokewa mara moja na mwanamume, shamba linafungwa kwa misimu kadhaa, na mama anabaki akitafuta mahali pa kupanda viazi na mahindi. Viongozi wa Busoga wamelalamikia uhaba wa chakula unaotokana na hali hiyo mara nyingi. Lakini miwa humalizika na shamba likarudi baada ya miaka michache. Sola ni kizazi kizima: mtoto anayezaliwa siku ya kutia sahihi atakuwa mtu mzima kabla mkataba haujaisha.

Hivyo idhini ya mke ichukuliwe kwa uzito kuliko ilivyozoeleka. Kampuni yenye busara huwakutanisha mume na mke pamoja, ikawasomea mkataba kwa Lusoga au lugha wanayoielewa, na ikawalipia ada ya wakili wao wenyewe. Wakili wa kampuni hawezi kuwa wakili wa mkulima, hata akiwa mpole namna gani.

Kampuni haiwezi kunyang'anya

Wakazi wengi huogopeshwa kwa maneno kwamba leseni ya ERA inampa mwenye nayo ruhusa ya kuchukua shamba. Si kweli. Uwezo wa kutwaa ardhi kwa lazima ni wa serikali, kwa matumizi ya umma au sababu nyingine zilizotajwa katika ibara ya 26 ya Katiba, na ibara hiyo inataka fidia ya haki na ya kutosha ilipwe kwanza, kabla ya ardhi kuchukuliwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mamlaka ya Barabara ya Taifa dhidi ya Irumba Asumani na mwenzake, iliamua kwamba kifungu cha 7(1) cha Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1965 kinapingana na Katiba kwa kuwa hakikudai malipo kabla ya kuingia shambani.

Kwa upande wa mtambo wenyewe, basi, kampuni ya binafsi inatakiwa ielewane na mwenye ardhi. Akikataa, amekataa. Nguzo na nyaya zinazopeleka umeme kwenye kituo ni jambo tofauti. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 inampa mwenye leseni utaratibu wa kupitisha nyaya katika ardhi za watu, baada ya kutoa taarifa na kulipa fidia. Shamba lisilokuwa na paneli hata moja linaweza kupitiwa na njia ya nyaya, na mwenye shamba hilo asahaulike katika mikutano.

Fidia hukadiriwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi. Mazao hulipwa kwa viwango vinavyotayarishwa na bodi ya ardhi ya kila wilaya, bila kuhesabu mazao ya msimu yanayoweza kuvunwa ndani ya muda wa notisi. Nyumba za vijijini hukadiriwa kwa gharama ya kuzijenga upya ukiondoa uchakavu. Juu ya hapo huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, au asilimia 30 iwapo notisi ya kuondoka ni chini ya miezi sita. Viwango vya wilaya vikiwa vya zamani, mwembe wa miaka kumi hulipwa kama mche, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Njia ya kilovolti 220 ya kutoka Bujagali kupitia Tororo hadi Lessos nchini Kenya ilichelewa, na mivutano ya fidia ilikuwa miongoni mwa sababu.

Jambo moja la kuangaliwa katika nyaraka: sheria zote za Uganda zilichapishwa upya katika toleo la saba, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na namba za sura na vifungu vingi zikabadilika. Mkataba unaonakili namba za zamani haujafa kwa sababu hiyo, lakini unaonyesha kwamba aliyeuandika hakufungua sheria hivi karibuni.

Wilaya na mji mdogo vina sauti gani

Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kabla ya hapo mtu wa kijijini alijenga alivyopenda. Leo mtambo wa sola, hata ukiwa katikati ya miwa, unahitaji kibali cha ujenzi kutoka kamati ya mipango: ya wilaya kwa vijijini, au ya mji kwa eneo lililo ndani ya mipaka ya mji kama Buwenge. Jinja na Mbale, zilizopandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, zina kamati zao. Kwa hiyo kampuni yenye eneo linalokatwa na mpaka wa jiji na wilaya inaweza kujikuta inaomba mara mbili.

Kibali hicho hakibadilishwi na leseni ya ERA wala na cheti cha mazingira cha NEMA, kinachotolewa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 baada ya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Ni milango mitatu, kila mmoja na ufunguo wake. Kwa mwananchi, milango hiyo ndiyo nafasi yake ya kusema. Maombi ya leseni hutangazwa ili wanaoathirika na mamlaka za mitaa watoe maoni, na tathmini ya mazingira inatakiwa kuwasikiliza majirani. Anayesubiri hadi trekta liingie amechelewa, ingawa mahakama bado ziko wazi.

Je, wilaya inaweza kutunga masharti yake yenyewe, kwa mfano kuzuia paneli katika ardhi yenye rutuba, au kutaka ua uwe mita kadhaa kutoka barabarani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaruhusu baraza la wilaya kutunga sheria ndogo, na mabaraza ya chini nayo kutunga zao, mradi zisipingane na Katiba wala sheria za Bunge. Ile ya wilaya hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ithibitishwe kwanza. Masharti ya umbali, mifereji ya maji ya mvua, njia za mifugo na za watoto wa shule yanafaa kabisa kuwekwa kwa njia hiyo. Kodi ni habari nyingine. Katiba, ibara ya 152, hairuhusu kodi yoyote isiyotokana na sheria ya Bunge, kwa hiyo kaunti ndogo haiwezi kubuni ushuru wa jua kwa azimio la kikao cha Ijumaa.

Hapa kuna pengo ambalo viongozi wa Jinja wanalifahamu vizuri. Sheria ya Umeme ya 1999 ilitaja mrabaha unaolipwa kwa wilaya yenye mtambo wa umeme wa maji, na Jinja imekuwa ikipigania fungu lake la Mto Nile kwa miaka mingi. Jua halikutajwa. Kenya nayo, katika Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, iligawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo, lakini haikufanya hivyo kwa sola. Hoja ya kampuni ni kwamba jua haliishi wala halimilikiwi na mtu. Hoja hiyo ina nguvu kwa upande wa jua, ila haigusi barabara ya kijiji inayoharibiwa na malori wakati wa ujenzi.

Neno pia kuhusu mwenyekiti wa LC1. Anamfahamu kila mtu na ushahidi wake kuhusu mipaka una thamani kubwa. Lakini muhuri wake si idhini ya mradi, na mazoea ya kudai asilimia fulani ya fedha za muuzaji au mpangishaji hayana msingi wa kisheria.

Shilingi na dola

Katika mikataba mingi mkulima husoma tarakimu ya kwanza tu, yaani kodi ya mwaka wa kwanza. Chukulia mfano wa kubuni wa shilingi 500,000 kwa ekari kwa mwaka, bila nyongeza, kwa miaka 20. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, malipo ya mwaka wa ishirini yatanunua kitu kile kile ambacho shilingi 188,000 zinanunua leo. Kampuni, kwa upande wake, huuza umeme kwa bei inayohesabiwa kwa senti za dola. Mwaka 2005 dola moja ilibadilishwa kwa chini ya shilingi 2,000. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya 3,600. Mtu mmoja analipwa kwa sarafu inayosimama na mwingine kwa inayoyeyuka, na wote wako katika mkataba mmoja.

Dawa yake ni nyongeza iliyoandikwa: ama asilimia fulani kila mwaka, ama kodi kufungwa kwenye dola na kulipwa kwa shilingi siku ya malipo, ama sehemu ndogo ya mauzo ya umeme. Hili la tatu linavutia lakini linahitaji mkulima aone vitabu vya kampuni, jambo ambalo kwa kweli haliwezekani kwa urahisi. Nyongeza ya asilimia ndiyo rahisi kusimamia.

Hatari nyingine iko kabla ya mtambo kujengwa. Kampuni huanza kwa mkataba wa kushika ardhi wakati inatafuta leseni, fedha na mkataba wa kuuza umeme. Baada ya bwawa la Karuma la megawati 600 kuzinduliwa Septemba 2024, Uganda haina haraka ya kununua umeme wa mchana usio na betri, kwa hiyo safari hiyo inaweza kuwa ndefu. Mwenye shamba adai malipo ya kipindi hicho, haki ya kuendelea kulima, na tarehe ambayo mkataba unakufa wenyewe kama hakuna kilichojengwa.

Yaliyotokea ng'ambo ya mpaka

Kenya imeshalipa ada ya somo hili. Mradi wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, ulifutwa mwaka 2016 baada ya upinzani wa wakazi kuhusu ardhi, na mtu mmoja aliuawa katika maandamano mwaka 2015. Mwezi Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi wa upepo wa Ziwa Turkana zilipatikana kinyume cha utaratibu, ingawa mitambo ilikuwa tayari inazalisha megawati 310, na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka 2023 mahakama ilikataa kuongeza muda. Wenye benki walisoma hukumu hiyo kwa makini kuliko wanasiasa.

Kwa Mkenya au Mtanzania anayetaka kuwekeza Buwenge, uraia wa Afrika Mashariki haumsaidii katika ardhi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010, ibara ya 15, iliacha suala hilo kwa sheria za kila nchi. Nchini Uganda mgeni, ikiwemo kampuni inayodhibitiwa na wageni, anaweza kupata upangaji tu, usiozidi miaka 99, na upangaji wa miaka mitano au zaidi lazima usajiliwe. Anayenunua umiliki huru kwa jina la rafiki yake Mganda hana ardhi. Ana rafiki.

Siku ya mwisho

Leseni na mikataba ya kuuza umeme wa aina hii kwa kawaida ni ya miaka 20 hivi. Ndani ya muda huo kampuni hubadilisha wenyewe. Eren ya Soroti iliitwa baadaye Total Eren, na mwaka 2023 ikanunuliwa yote na TotalEnergies. Mkataba useme wazi kwamba mnunuzi anarithi madeni na ahadi zote, na kwamba mwenye ardhi ataarifiwa kwa maandishi.

Useme pia nani ataondoa paneli, misumari ya chuma iliyopigwa ardhini, zege na nyaya. Ahadi peke yake ni dhaifu, kwa sababu kampuni ya mradi inaweza kufikia mwaka wa mwisho ikiwa haina kitu benki. Kinachotakiwa ni dhamana ya benki au akiba inayowekwa kidogo kidogo kuanzia katikati ya mkataba, pamoja na picha na vipimo vya udongo vilivyochukuliwa kabla ya ujenzi, nakala moja ikabaki nyumbani kwa mwenye shamba na nyingine katika ofisi ya kaunti ndogo.